Maisha ya Chefu Albert Luthuli



Katika namba hii tunataka kusimulia maisha ya mtu ambaye wengi katikati yetu wanajua jina lake tu, sababu katika masomo ya historia tunamtaja kwa mstari mmoja: Albert Luthuli wa Afrika ya Kusini, Mwafrika wa kwanza kupewa zawadi ya Nobel ya amani. Mstari mmoja hautoshi. Tulimchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mwalimu katika masomo ya misioni kama haya yetu, akafundisha pale miaka kumi na tano. Tena, maisha yake yanagusa neno ambalo sisi wenyewe tunalibishania kila mwanzo wa mwaka, tunapochagua chefu wa kalasi. Chefu wa kalasi ni wa nani? Sisi tunasema ni wetu, maana tulimpigia kura. Wakubwa wa masomo wanasema ni wao, maana yeye njo anawaandikia majina ya wenye kupiga kelele. Mwaka jana mmoja wetu aliacha ile kazi kiisha wiki tatu tu, akasema amechoka kuwa mtu wa pande mbili. Luthuli naye alifikishwa pale pale, lakini kwake haikuwa mambo ya kelele za kalasi.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1898 katika misioni ya Solusi, upande wa Bulawayo, inchi inayoitwa leo Zimbabwe. Baba yake, John Bunyan Luthuli, alikuwa mkalimani na mwinjilisti kule. Alikufa mtoto akiwa bado mchanga kabisa. Mama yake Mtonya alibaki na matunzo yote. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi, alipelekwa kwao Groutville, katika Natal, kusini mwa mto Tugela. Groutville ilikuwa kijiji cha misioni, ilipata jina lake kwa mmisionari Mwamerika, Aldin Grout. Sasa tuangalie neno hili moja: pale uchefu haukuwa mambo ya ukoo. Wakristo wa kijiji walichagua chefu wao, na wakichoka naye waliweza kuchagua mwingine. Mjomba wa kijana, Martin Luthuli, alikuwa amechaguliwa namna hiyo, na Albert alikaa nyumbani mwake. Basi tangu utoto aliona kwa macho yake watu wanaingia, wanakaa, wanasema maneno yao mbele ya chefu pasipo kutetemeka.

Mama yake alilima shamba na kufua nguo za wazungu ili alipe masomo. Kijana alisoma Ohlange, masomo yaliyoanzishwa na John Dube, kisha Edendale, akatoka mwalimu. Kazi ya kwanza alipewa Blaauwbosch, kijiji kidogo cha milimani, yeye peke yake mwalimu na mkubwa wa masomo. Mwaka wa 1920 alikwenda Adams College kuongeza cheti chake. Walimtolea pia msaada wa kwenda chuo cha Fort Hare. Alikataa. Mama alikuwa amezeeka, na yeye alitaka mshahara wa kumtunza. Hatujui ni wangapi kati yetu wangeweza kukataa bursi namna ile!

Pale Adams alifundisha lugha ya Kizulu, akaongoza korale, akasaidia vijana katika mpira wa miguu. Waafrika wawili walikuwa wa kwanza kuingia katika kundi la walimu wa pale, yeye na Z. K. Matthews, ambaye tutamwona tena mbele. Mwaka wa 1927 alimwoa Nokukhanya Bhengu, mwalimu mwenzake. Mungu aliwapa watoto saba. Bibi Nokukhanya alirudi Groutville kulima, na jasho lake katika miwa na mboga njo lililoshika nyumba miaka yote ya matata. Walimu Waafrika wa Natal walimfanya Albert kuwa mwandishi wa chama chao mwaka wa 1928, na raisi mwaka wa 1933. Mambo yalikuwa mishahara, maana mwalimu mweusi alilipwa kidogo sana kuliko mwenzake mweupe. Walimu wetu wakisoma hapa watacheka kidogo.

Mwaka huo wa 1933 wazee wa Groutville wakaanza kumwomba arudi awe chefu wao. Akasita miaka miwili. Tunaelewa. Mshahara wa chefu ulikuwa mdogo kuliko wa mwalimu, na badala ya vitabu na korale angepata mabishano toka asubuhi hadi usiku. Mwisho akakubali, watu wakamchagua, na mwanzo wa 1936 akaanza kazi.

Lazima tueleze ginsi kazi ile ilivyokuwa. Watu walimchagua, ndiyo, lakini kwa sheria ya 1927 gavana mkuu, mzungu, alikuwa chefu mkuu wa Waafrika. Aliweza kumthibitisha chefu au kumwondoa, pasipo kuuliza kijiji. Mshahara ulitoka kwake. Wazee wetu hapa Kongo wanajua habari hiyo vizuri: wakati wa Wabelgiji chefu alivaa medali ya serikali kifuani, na kama kodi haifiki, au watu wa barabara hawatoki, medali inaweza kuondoka. Chefu namna ile ana mabwana wawili. Wengi walimtumikia yule anayelipa.

Luthuli alikaa katikati miaka kumi na sita. Aliamua mabishano ya mipaka, ya mahari, ya ng'ombe aliyekula miwa ya jirani. Machefu wengine walikula faini na zawadi za wenye mashitaka. Yeye hakutaka utajiri wa namna ile. Alitia nguvu mkutano wa kijiji, ambapo kila mtu anasema na chefu anasikiliza, hata kama ni yeye anayesemwa. Akaingiza na wanawake katika mashauri, jambo ambalo desturi haikuzoea. Mwaka ule ule wa 1936 ikatoka sheria ya sukari, ikaweka kipimo kwa kila mkulima wa miwa, na wenye mashamba madogo wakaumia sana. Luthuli akawaunganisha katika chama, wakapigania kipimo kimoja cha wote pamoja, ili yule aliyevuna kidogo aachie nafasi mwenzake aliyevuna kingi. Wakashinda. Ni jambo dogo ukilisoma, lakini kwa mjane mwenye ekari chache lilikuwa chakula cha mwaka.

Lakini kadiri alivyoketi barazani aliona kwamba mabishano mengi yalikuwa na mzizi mmoja: udongo haukutosha. Sheria za 1913 na 1936 zilikuwa zimewaachia Waafrika, walio wengi kupita wote, sehemu kama 13 kwa mia ya inchi yao. Chefu angeweza kugawanya vizuri namna gani kitu ambacho hakipo? Tena katika mwaka huo wa 1936 Waafrika wachache wa jimbo la Cape waliokuwa bado na haki ya kupiga kura pamoja na wazungu waliondolewa katika orodha. Badala yake serikali ikaunda baraza la washauri Waafrika. Luthuli alichaguliwa kuingia humo mwaka wa 1946, na mkutano wake wa kwanza ulianguka siku zile polisi walipokuwa wakipiga makumi elfu ya wachimba migodi waliogoma karibu na Johannesburg. Washauri waliuliza habari. Hawakujibiwa kitu. Mmoja wao alilifananisha baraza na telefoni ya watoto ya kuchezea: unasema, unasema, hakuna mtu upande wa pili. Wakasimamisha mkutano wakaenda zao.

Hapo njo tunafikiri alibadilika. Alikuwa ameingia katika chama cha African National Congress, tunachoandika kwa kifupi A.N.C. Hakuwa mtu wa kelele. Alikwenda Uhindi mwaka wa 1938 kwa mkutano mkubwa wa misioni karibu na Madras, na Marekani mwaka wa 1948 kuhubiri na kueleza habari za kwao. Ni katika mwaka huo wa 1948 serikali ya apartheid ilishika utawala, kwa kura za wazungu karibu peke yao, ikaanza kutenga watu kwa rangi katika kila kitu, mpaka viti vya bustani. Mwaka wa 1951 Luthuli akachaguliwa raisi wa A.N.C. katika Natal.

Tarehe 26 Juni 1952 A.N.C. pamoja na Wahindi wa kule walianza kuvunja sheria za ubaguzi kwa makusudi na kwa utulivu: waliingia mlango wa wazungu, walikaa viti vya wazungu, wakangoja kukamatwa. Zaidi ya watu elfu nane walikwenda gerezani. Luthuli hakujificha, alikusanya watu wa kujitolea katika Natal.

Serikali ikamwita Pretoria. Ikamwambia achague moja: aache A.N.C., ao aache uchefu. Kwa akili ya serikali, chefu ni mtumishi wake, na mtumishi hapigani na bwana wake. Luthuli alijibu kwamba haoni mapigano yoyote katikati ya kazi hizi mbili. Alichaguliwa na watu wa Groutville ili atafute mema yao, katika A.N.C. alitafuta mema yale yale, kwa Waafrika wote. Basi hataacha hata moja. Wakampa siku za kufikiri. Jibu likabaki lile. Novemba 1952 wakamwondoa katika uchefu.

Tusipite haraka hapa. Wako wenzetu wanaosema kwamba angeweza kubaki chefu, afanye mema polepole, aache siasa kwa wengine. Si neno la kijinga. Mshahara ulipotea, watoto walikuwa wanasoma, na kijiji kilipoteza chefu mwenye akili. Lakini tukiangalia vizuri, kama angekubali, angekuwa amesema kwamba uchefu wake ulitoka Pretoria. Na yeye alijua ulitoka wapi. Kumbe watu wa Groutville nao walijua, sababu waliendelea kumwita chefu mpaka siku ya kufa kwake, na sisi tumemwita hivyo katika kichwa cha habari hii. Yeye aliandika maelezo ya kuwajulisha watu, akasema kwamba njia ya uhuru inapita msalabani, na kwamba miaka thelathini ya kupiga mlango kwa upole ilikuwa haikufungua kitu.

Mwezi uliofuata, Desemba 1952, wajumbe wa A.N.C. wakamchagua raisi wa inchi yote. Serikali ilitaka kumshusha, ikampandisha.

Toka hapo walimfunga pasipo gereza. Mwaka wa 1953 alikatazwa kuingia katika miji mikubwa na katika mikutano. Kifungo hicho kilipokwisha mwaka wa 1954 alipanda ndege kwenda Johannesburg kusaidia watu waliokuwa wanafukuzwa katika nyumba zao za Sophiatown. Alipofika tu polisi wakamletea barua nyingine, miaka miwili asitoke katika mazingira ya nyumbani. Raisi wa chama kikubwa hakuweza kukaa kanisani na harusi moja pasipo kuogopa kwamba itaitwa mkutano!

Na hapo ikaja kazi ambayo sisi tunaipenda kupita zote. Z. K. Matthews, yule mwalimu mwenzake wa Adams, alitoa shauri mwaka wa 1953: kwa kuwa watu wengi hawana bunge, tuwaulize wao wenyewe wanataka utawala wa namna gani. Watu wa kujitolea wakatembea mijini na vijijini, wakauliza. Majibu yakarudi kwa vipande vya karatasi, makaratasi ya daftari za watoto, migongo ya bahasha. Mmoja ataka udongo, mwingine ataka mwanawe asome, wanawake wanakataa pasi. Tarehe 25 na 26 Juni 1955 wajumbe karibu elfu tatu walikusanyika Kliptown, nje ya Johannesburg, wakasomewa Mkataba wa Uhuru, neno kwa neno, wakainua mikono. Neno la kwanza kabisa lilikuwa kwamba utawala utoke kwa watu. Siku ya pili polisi wenye bunduki wakazunguka uwanja, wakaandika majina na kunyang'anya makaratasi. Luthuli hakuwako. Alikuwa amefungiwa kwake, tena mgonjwa. Alituma salamu tu. Baadaye alitaka ule mkataba ujadiliwe kwanza na A.N.C. katika mkutano wake kabla ya kusema umekubaliwa, na ulikubaliwa mwaka wa 1956. Hata kitu alichokipenda hakutaka kipite juu ya vichwa vya wajumbe.

Kuna watu wanaosema kwamba demokrasia ni chakula cha Wazungu, Mwafrika hakihitaji, yeye anataka ugali na chefu mwenye nguvu. Tunawaomba wafikiri juu ya zile bahasha za Kliptown. Waliotuma hawakuwa maprofesa.

Desemba 1956 polisi walibisha mlango usiku. Watu 156 wa rangi zote walishitakiwa kwamba wameasi inchi, na Mkataba wa Uhuru ukaletwa kama ushahidi. Luthuli aliachiliwa kiisha mwaka mmoja hivi. Wenzake wa mwisho waliendelea mpaka Machi 1961, na majaji wakasema hawana kosa. Katika miaka hiyo chama kilipasuka pia. Wengine hawakupenda mkataba useme inchi ni ya wote, weusi na weupe, wakatoka na kuunda chama chao mwaka wa 1959. Luthuli hakuyumba: utawala wa rangi moja ulikuwa mbaya kwake hata kama rangi ni yake.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Sharpeville walipiga risasi watu waliokuja kukataa pasi, wakaua 69. Siku chache baadaye Luthuli alichoma kitabu chake cha pasi mbele ya watu, akaomba siku ya maombolezo. Wakamkamata, ndani ya gereza askari mmoja alimpiga makofi, mzee wa zaidi ya miaka sitini, mwenye ugonjwa wa moyo. A.N.C. ikapigwa marufuku mwezi wa Aprili.

Mwaka wa 1961 habari ikatoka Norvezhi: zawadi ya Nobel ya amani ya 1960 ni yake. Serikali ilikasirika, lakini ikampa pasipoti ya siku chache. Tarehe 10 Desemba 1961 alisimama Oslo amevaa mavazi ya chefu wa Kizulu, yeye ambaye serikali ilikuwa imemwondolea uchefu miaka tisa mbele. Siku ile ile, katika chumba kile kile, ilitolewa na zawadi ya 1961 kwa Dag Hammarskjöld, mkubwa wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa amekufa Septemba katika ndege karibu na Ndola, akifuata amani ya Katanga, ya inchi yetu. Basi siku hiyo Kongo ilikuwa pale pia, kwa msiba.

Alirudi nyumbani, na tarehe 16 Desemba mabomu ya kwanza ya Umkhonto we Sizwe yakalia. Luthuli alifuata njia ya pasipo silaha maisha yake yote, na waandishi wa historia wanabishana hata leo ni kiasi gani alikubali njia hiyo mpya. Sisi hatutaamua. Twajua kwamba mwaka wa 1964, Mandela na wenzake walipohukumiwa kifungo cha maisha, alitoa tangazo la kukataa kuwahukumu wanaume waliochoka kungoja. Twajua pia kwamba vifungo vilimweka mbali na mashauri mengi, na vijana wengine walianza kumwona mzee wa zamani. Hilo lilimuumiza, bila shaka.

Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka wa 1962. Katika mwaka huo serikali ilikataza magazeti ya inchi kuchapa neno lake lolote. Wanafunzi wa Glasgow, kule Uskoti, wakamchagua kuwa rekta wao, hakuruhusiwa kwenda. Adams yake haikuwako tena: sheria ya 1953 ilichukua masomo ya misioni, na college ile ilifungwa mwaka wa 1956.

Tarehe 21 Julai 1967 alikutwa ameumia vibaya kichwani karibu na daraja la treni la mto Umvoti, si mbali na nyumba yake. Akafa siku hiyo. Uchunguzi wa mwaka ule ulisema treni ya mizigo ilimgonga, mzee hasikii vizuri. Jamaa yake hawakukubali hata siku moja. Bibi Nokukhanya aliishi mpaka 1996, akaona tarehe 27 Aprili 1994, siku watu wa rangi zote walipanga mistari ya kupiga kura Afrika ya Kusini. Oktoba 2025 mahakama kuu ya Pietermaritzburg, baada ya kufungua tena mashauri, iliamua kwamba hakugongwa na treni: alipigwa na watu wa polisi ya siri, wakisaidiana na wafanyakazi wa reli. Miaka hamsini na minane ilikuwa imepita. Kaburi lake liko Groutville, penye kanisa la kijiji.